Uwanja wa Kuanikia

Ukumbi wetu wameujenga kileleni,
ngazi arobaini na moja. Nilizihesabu
siku niliyombeba Ndahani mgongoni,
kiti chake kikabaki chini, magurudumu yakitazama mbingu.
Tulifika na jasho, mchezo uko katikati,
mtu anamlilia mtu tusiyemjua.
Kiingilio elfu mbili: sahani ya chipsi mayai.
Tukishuka akaniambia sikioni,
"Mgongo wako nimeutazama kuliko jukwaa."

Sechelela, kiongozi wa kikundi, mwaka wa tatu,
aliposikia hakutoa pole.
Alikwenda nyuma ya Bloku C akapima kwa hatua
uwanja wa kuanikia nguo:
ishirini na mbili kwa kumi na tano, saruji tambarare,
bomba moja, kavu tangu Jumatatu.
Mlezi wa bweni akauliza, "Na nguo za watu?"
"Zibaki. Shuka ndizo pazia."

Basi Alhamisi, baada ya ugali na maharage ya mesi,
watu wakatoka na ndoo, wakazipindua, wakakalia.
Waliokuja kuanua suruali
wakakuta msiba umeanza, wakakaa nao,
vibanio mkononi.
Ndahani mbele kabisa,
mtu pekee mwenye kiti cha kweli.

Mimi wa takwimu,
ambaye hata homa ya siku ya mtihani sijawahi kuigiza,
nilipewa Mjumbe. Mistari minne.

Upepo wa Dodoma haukati tiketi.
Ulikula maneno yetu nusu,
ukammwagia mjane vumbi la macho
hata kilio chake kikawa cha kweli.

Halafu Mbeleje, asiyeona,
akanyoosha mkono katikati ya onyesho la pili:
"Samahani. Nani ameingia?"

Kimya. Shuka zilipigapiga.
Sechelela akasimamisha mchezo.
Alikasirika, nilimwona, ila sijui alimkasirikia nani.
"Tunarudi mwanzo," akasema.
"Kila mtu aingie na mlio wake."
Mjane, funguo. Hakimu, kikohozi.
Mimi, kandambili: pa, pa, pa juu ya saruji.

Pembeni, chini ya taa ya kuchaji,
Nyemo aliwatafsiria kwa mikono
wenzetu watatu wasiosikia.
Alikesha akiusoma mchezo, sasa mikono ikamtangulia:
watatu wale wakacheka
hakimu hata hajafungua kinywa.
Sisi tukacheka kwa kuwa wao wamecheka,
na utani wenyewe ulipofika
ukatukuta tumeshamaliza.

Ikaja zamu yangu. Pa, pa, pa.
Nikasema mstari wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu nao ukatoka.
Kitu kikakohoa gizani.
"Hakimu," akasema Mbeleje.

Siyo hakimu. Bomba.

Nani angebaki? Viti vyote vilisimama,
vikawa ndoo tena, vikapanga foleni.
Nilibaki na mstari wangu mdomoni
kama mtu aliyemeza punje ya moto.
Nilidhani Sechelela atalia.
Akamshika mjane bega, akamsogeza kwenye foleni,
na mjane akayasema maneno yake ya mwisho
akitembea ndoo hadi ndoo,
kwa sauti ya chini, maana watu sasa walikuwa karibu.
Kijana mmoja wa uhasibu, hajawahi kukanyaga ule ukumbi,
aliacha ndoo yake ifurike
mpaka waliokuwa nyuma wakapiga kelele.
Hakufunga. Alikuwa anasikiliza.

Kule juu bado kuna ngazi arobaini na moja.
Barua ya kuomba njia ya kiti cha magurudumu
imejibiwa kwamba imepokelewa.

Lakini jana, usiku, nikienda msalani,
ukumbini mwa bweni umeme umekatika,
Mbeleje alisimama mlangoni kwake na kikombe cha chai.
Sikusema neno. Nilipita tu na kandambili.
"Mjumbe," akaita,
"tunakudai mstari wa nne."